Hapana ya Tatu

Huku kwetu Brekke ukimkaribisha mtu keki, atakataa. Usidhani hataki. Anaitaka sana, mate yanamjaa mdomoni, lakini atasema, "La, usijisumbue, nimeshiba." Mkaribishe tena, atasema, "Labda kipande kidogo kama kitabaki, wape wengine kwanza." Ukimkaribisha mara ya tatu ndipo atakapoivuta sahani, na atakula kipande kikubwa kuliko chako. Ndivyo tulivyolelewa sote, sisi Walutheri wa magharibi ya jimbo la Minnesota, na mtu akikubali mara ya kwanza tu, tutamsema mpaka Krismasi. Hapana ya kwanza ni adabu, na ya pili ni adabu pia. Ya tatu ndiyo ya kusikiliza.

Nayasema haya kwa sababu ya Britta, mtoto wa mdogo wangu Verlyn, na jinsi alivyokaribia kukosa chuo kikuu. Nayasema nikiwa nimechoka, mnisamehe. Nimepika katika jiko la shule ya Brekke tangu kabla mtoto huyo hajazaliwa. Magoti yangu yamekwisha. Mwaka ule nilikuwa nimepanga uwe wangu wa mwisho kazini, nimalize taratibu, niage, nikalale. Mwaka huo ndio ulionimaliza mimi.

Mama yake Britta alikufa kwa saratani mtoto akiwa darasa la sita. Watu walileta mabakuli ya viazi na nyama ya kuoka mpaka friji ya Verlyn ikagoma kufunga mlango. Hakuna aliyewauliza, "Mnaendeleaje?" Waliwauliza kama chumvi imetosha. Basi wakabaki wawili pale shambani, baba na binti na ng'ombe wa maziwa, na mimi shangazi mtu nikienda Jumapili kufua na kugomba.

Mtoto yule alikuwa mtu wa kazi, jamani. Anaamka alfajiri, anakamua na baba yake, anaoga, anapanda basi la shule, na bado anapata A katika kila somo. Wenzake wa mjini wakimtania, "Britta, unanuka zizi," anawajibu, "Na nyie mnanuka usingizi." Alitaka kuwa daktari wa mifugo. Si wa vipaka na vijibwa vya kubebwa kwapani, alisema, wa ng'ombe, wa kuingiza mkono mpaka begani.

Halafu mwezi wa kumi na moja Verlyn akauza ng'ombe. Bei ya maziwa ilikuwa imeanguka, kila ukikamua unajikamua mwenyewe. Malori yalikuja mapema, naye akawatoa mmoja mmoja kwa mkono wake, akiwaita majina. Yalipoondoka alifagia zizi, akafunga mlango, akaingia ndani. Hakulia. Angelia tungemwita daktari, na pengine ingekuwa heri.

Mwezi wa kumi na mbili chuo kikuu cha jimbo kikamkubali Britta. Alimwonyesha baba yake ujumbe kwenye simu, Verlyn akausoma, akasema, "Si vibaya." Mgeni angeona kamvunja mtoto moyo. Kwetu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Sasa sikilizeni. Kila mtu alisema, haya, ng'ombe hakuna, mtoto atapumzika, atasoma kwa raha. Matokeo ya nusu mwaka yakatoka: hesabu D, kemia C. D! Mtoto aliyekuwa anasoma huku ameegemea ng'ombe!

Walimu walisema ni ugonjwa wa mwaka wa mwisho. Tunaujua. Kijana akishakubaliwa chuo anaona kazi imekwisha, anaanza kuchelewa, anasinzia darasani, anakwenda kuvua samaki kwenye barafu siku ya mtihani. Mimi nami niliingia mkumbo huo huo. Alipofika dirishani kwangu kuchukua chakula cha mchana nilimshikilia sahani.

"We mtoto, nasikia siku hizi unakuja shule wakati wa kutoka."

"Si kila siku, shangazi."

"Ng'ombe wameondoka na akili zako? Unalala mpaka saa ngapi?"

"Nitajirekebisha. Naomba viazi."

"Viazi ni vya watu wa somo la kwanza."

Akacheka kidogo, wenzake nyuma wakacheka sana. Nilimpa viazi. Nikaona macho yake yamezama, nikajiambia, hii ni simu, watoto wa siku hizi wanakesha na simu.

Theluji ilipoanza kuchafuka, mwezi wa tatu, mshauri wa wanafunzi akaja jikoni. Bwana Castellanos, kijana wa Texas, huo ulikuwa mwaka wake wa pili nasi na bado alikuwa anashinda na koti ofisini. Mtu mwema. Aliniita kando, kwa kuwa jina langu ndilo lililo shuleni kama mtu wa kuitwa mambo ya Britta yakiharibika.

"Mama Ardis, chuo kimeona zile alama. Kimesema nafasi ya Britta inaangaliwa upya."

"Inaangaliwa upya maana yake nini? Si walishampa?"

"Walimpa kwa sharti amalize mwaka kama alivyouanza. Wanaweza kuichukua. Wamemuuliza kama kuna jambo lolote angependa walijue, kabla hawajaamua."

"Akawajibu nini?"

Akashusha pumzi. "Akawajibu, hapana, asante, hakuna jambo, kosa ni langu."

Nikaweka mwiko chini. "Na wewe ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama kuna shida nyumbani. Akasema hakuna. Nikamwambia naweza kumwandikia maelezo chuoni. Akasema nisijisumbue."

"Ukafanyaje?"

"Sikumlazimisha. Ana miaka kumi na minane, nimemheshimu."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

Loo! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamweleza mambo ya keki. Akanitazama kwa huruma kama anayesikiliza mgonjwa, kisha akasema, "Basi muulize wewe, kwa sababu tuna siku chache, na mimi bila sababu sina la kuandika." Nikamwambia aniachie. Nilijiona hodari. Kumbe!

Baada ya chakula nilimwita Britta stoo, tukakaa juu ya magunia ya unga. Nikamuuliza, "Mwanangu, kuna nini nyumbani?" Akasema, "Tuko sawa, shangazi." Hiyo ya kwanza. Nikasubiri, nikamsukumia biskuti, nikauliza tena. "Hakuna kitu kikubwa, usijisumbue." Hiyo ya pili. Nikajua sasa inakuja. Nikamshika mkono, nikasema, "Britta. Nakuuliza kwa mara ya tatu. Kuna nini?"

Akaniangalia machoni. "Hapana," akasema. Akainuka, akachukua begi, akaenda zake.

Nilibaki pale juu ya unga. Katika maisha yangu yote sijapewa hapana ya tatu na mtu wa damu yangu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kama mtoto yuko radhi kupoteza chuo asiseme, basi anachokificha kina thamani kwake kuliko chuo.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba mwenzangu anishikie jiko. Nikaendesha pikapu yangu mpaka shambani, barabara yote barafu, magoti yakinilaani. Basi la shule lilikuwa limeshapita, alama za magurudumu nilizikuta. Taa ya jikoni inawaka. Nikaingia bila kubisha, mlango wa Verlyn haujawahi kufungwa.

Britta alikuwa amekaa kwenye ngazi, kidato cha mwisho kule chini. Amevaa koti, kofia, buti, begi mgongoni. Tayari kabisa kwa shule. Amekaa tu, kichwa amekielekeza juu, anasikiliza.

"Unafanya nini hapa? Basi limekuacha!"

Akaweka kidole mdomoni. "Shh. Bado hajashuka."

"Nani?"

"Baba. Siendi mpaka ashuke."

Nikasogea, nikakaa kwenye kiti cha mezani, sikuvua hata glavu. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Anashuka saa ngapi?"

"Zamani zile alikuwa wa kwanza. Siku hizi, ikiwa siku nzuri, jua likiwa limeshachomoza. Ikiwa mbaya..." Hakumaliza. "Akishuka akanywa kahawa naondoka. Naendesha gari, nafika somo la pili au la tatu. Somo la kwanza ni hesabu."

Ndiyo hiyo D yenyewe. Nami nilikuwa nimemsimanga kwa viazi mbele ya wenzake.

"Na usiku?"

"Usiku anatembea. Nikisikia anatembea, sawa. Akinyamaza ndio naamka."

Kisha akafungua zipu ya koti. Shingoni alikuwa na kamba ya kiatu, na kwenye kamba ufunguo mdogo. Niliutambua hapo hapo. Ulikuwa ufunguo wa kabati la bunduki za baba yetu, zile za kuwindia paa.

"Tangu lini unao?"

"Tangu wiki ile ya malori. Baba hajauulizia." Akarudisha zipu. "Shangazi, usimwambie mtu. Nikiandika chuoni, Bwana Castellanos atajua, watajua walimu, watajua kanisani. Baba hataweza tena kuingia hata dukani. Bora wanichukulie nafasi."

"Bora? Chuo chote kile, bora?"

"Na wakiichukua nitabaki nyumbani. Itakuwa rahisi." Midomo ikaanza kumcheza. "Naitaka, shangazi. Usidhani siitaki. Naitaka mpaka inaniuma. Lakini nani atakaa hapa kwenye ngazi?"

Nilikasirika, jamani. Sikujua nimkasirikie nani. Maziwa, malori, sisi sote na mabakuli yetu ya viazi na mdomo wetu wa kufungwa. Nikasema, "Nipe huo ufunguo." Akasita. "Nipe, nimesema. Nenda shule. Leo nakaa mimi."

"Shangazi, usimgombeze."

"Nimgombeze kwa nguvu zipi? Nenda, barafu mbaya, endesha polepole."

Alitoa kamba shingoni, akaniwekea mkononi. Ufunguo ulikuwa na joto lake. Akatoka. Nilisikia gari likishindwa kuwaka, likawaka, likaenda.

Nikatengeneza kahawa. Nikakata keki ya tufaha niliyokuja nayo, nikaipanga, kwa kuwa nilijua ninachokwenda kuomba na nilijua nitakiomba mara tatu, pengine mara tisa. Mdogo wangu ni mtu ambaye ghala lake liliwahi kushika moto akawaambia wazima moto wasisumbuke kama wana kazi nyingine. Nikakaa. Saa zikapita. Nilisikia kila mbao ya nyumba ile ikilia, na kila ilipolia niliitazama ngazi. Asubuhi moja tu nilikuwa hoi. Mtoto alikuwa amezikalia zote tangu malori yaondoke.

Alishuka karibu na mchana, na shati la kulalia, ndevu zimemjaa. Amekonda. Aliponiona akasimama katikati ya ngazi.

"Dada. Leo si Jumapili."

"Najua. Kaa unywe kahawa."

Akakaa. Nikauweka ufunguo mezani, kati ya vikombe viwili. Akauangalia muda mrefu.

"Umeutoa wapi?"

"Shingoni mwa binti yako. Anatembea nao mpaka darasani."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akafunika mdomo kwa mkono, ule mkono mkubwa wa kukamulia, akasema kupitia vidole, "Nilidhani hakuna anayejua."

"Kila asubuhi anakaa kwenye kidato kile, amevaa koti, anasubiri akusikie unaamka. Ndiyo maana hafiki hesabu. Ana D, Verlyn. Chuo kinataka kumnyang'anya nafasi. Wamemuuliza kuna nini, amewajibu hakuna. Kwa ajili yako."

Nje theluji ilidondoka kutoka kwenye bati la zizi, pu! Nikapiga moyo konde.

"Yule kijana wa Texas anaweza kuwaeleza, lakini anahitaji mtu wa kumwambia ukweli, na mtoto hatasema. Verlyn, utakuja nami shuleni ukamwambie?"

Nikashika kisu cha keki, nikajiandaa kwa hapana ya kwanza.

"Ndiyo," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Alikuwa ameshasimama. "Buti zangu ziko wapi?" akauliza. "Ardis, usikae hapo unalia, nitafutie buti."

Sikuwa nimejua kwamba nalia. Nilimtafutia buti. Alijikata kidogo akinyoa kwa haraka, akabandika kipande cha karatasi ya chooni kidevuni, na ndivyo alivyoingia shule ya Brekke, karatasi kidevuni, kofia mkononi, akisalimia kila mtu. Watoto wakampisha koridoni.

Bwana Castellanos alitaka tukae kwanza, akamletea maji, akaanza kumweleza kwamba atamsaidia kuandika maelezo. Verlyn akamkatiza kwa upole.

"Mimi si mtu wa kuandika. Hao watu wa chuo wana simu?"

"Wanayo, lakini..."

"Nipigie."

Wakamwita Britta kutoka darasani. Alipoingia akamwona baba yake kwenye kile kiti, akageuka kunitazama mimi, na jicho alilonipa, Mungu wangu, bado nalikumbuka. "Ulisema hutasema," akaninong'oneza. Sikuwa nimesema hivyo, lakini haikuwa saa ya kubishana.

Simu ikawekwa sauti ya kusikika na wote. Mwanamke wa chuo akajitambulisha, akasema anasikiliza. Verlyn akaisogelea ile simu, akaongea nayo kama mtu anayeongea na kiziwi.

"Mimi ni baba yake Britta Oftedahl. Niliuza ng'ombe wangu mwezi wa kumi na moja, halafu nikashindwa kuamka. Nilikuwa na mawazo mabaya. Nilidhani haijulikani, kumbe mtoto alikuwa ananilinda. Kila siku alikuwa ananingoja niamke ndio aende shule. Ile D si yake. Ni yangu. Kama kuna wa kumpa alama mbaya mnipe mimi."

Britta alikuwa ameshika kitasa cha mlango kwa mikono miwili. Yule mwanamke akashukuru, sauti yake imebadilika, akauliza kama Bwana Oftedahl ameshaonana na daktari. Castellanos akajibu kwamba wanakwenda leo hii. Mwanamke akasema, "Kuna jambo jingine lolote mngependa tulijue?"

Ni lile lile swali walilomwandikia mtoto. Verlyn akaniangalia, nikajua anachokitafuta, anatafuta njia ya kusema hapana, wasijisumbue.

"Ndiyo," akasema. "Ni mtoto mzuri sana. Hakuna bora kuliko yeye."

Mtu wa kwetu akimsifu mwanawe hivyo, mbele ya watu, kwenye simu! Britta alitoka nje ya ofisi. Tulimsikia koridoni, analia kwa sauti kama hakuna darasa linaloendelea. Baba yake akamfuata. Mimi na yule kijana tukabaki tunaangalia kalenda ukutani.

Chuo hakikumsamehe bure. Walisema nafasi yake itabaki ikiwa atamaliza hesabu na C au zaidi, na bila kukosa tena somo. Kwa mtu aliyekwisha kupitwa na nusu ya kitabu, si mchezo. Mwalimu wa hesabu akawa anamfundisha wakati wa chakula cha mchana. Nilimpelekea sahani huko huko, na viazi vingi. Daktari akampa Verlyn dawa, na mama mmoja wa kuongea naye kila Alhamisi. Alikwenda wiki ya kwanza akarudi akasema, "Si vibaya," nikaomba Mungu amaanishe. Kabati la bunduki tulilibeba mimi na jirani, likakaa gereji kwangu. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo.

Na kila asubuhi Verlyn alimleta binti yake shule mwenyewe. Hakuwa na kazi ya kufanya mjini. Alimshusha, akamwangalia mpaka aingie, kisha akabaki kwenye pikapu pale maegesho, injini inanguruma, hajui aende wapi. Nilikuwa namtolea kahawa kwa mlango wa nyuma. Siku nyingine alikuwa anaongea, nyingine alikuwa anashika kikombe tu. Usidhani alipona kwa siku moja. Kulikuwa na asubuhi Britta alimvuta blanketi na kumwambia, "Baba, amka, nina mtihani, usiponipeleka nitapata F na nitamwambia kila mtu ni wewe." Alinisimulia mwenyewe, akicheka. Alikuwa amechoka mtoto yule, uso wa mwanamke wa miaka arobaini.

Mwezi wa sita alama zikatoka. Hesabu, C. Si C yenye kijumlisha wala nini, C tupu, ya kukwaruza. Zile A zake zote za miaka yote hazikuwahi kubandikwa popote, zingekuwa majivuno. Lakini ile C Verlyn aliibandika kwenye friji, kwa sumaku ya kampuni ya chakula cha ng'ombe. Bado iko pale.

Mwezi wa nane tukapakia vitu vyake. Kitanda kimeshavuliwa mashuka, gari limejaa, mtoto akaanza kuzungukazunguka jikoni. "Shangazi, nikiomba waniwekee nafasi mpaka mwakani?"

"Ili ufanye nini?"

Akaangalia ngazi.

"Nitampigia simu kila alfajiri," nikasema. "Asipopokea naja. Nimeamka mapema maisha yangu yote, nitashindwa sasa?"

"Shangazi, usijisumbue."

"Britta, usinianze. Sina nguvu za kuuliza mara tatu. Panda gari."

Akapanda.

Basi ndio huko kustaafu kwangu. Nilikuwa nilale mpaka jua liniguse usoni. Badala yake alfajiri, giza totoro, napapasa simu. Anapokea. "Nimeamka," anasema. "Kahawa?" namuuliza. "Iko motoni." Basi, tunakata. Siku akichelewa kupokea nakuwa nimeshavaa soksi moja. Nimechoka, sitaki kudanganya mtu. Lakini sasa najua kile kidato cha mwisho kilivyokuwa.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, baada ya kanisa, Verlyn alikuwa kwangu. Nilikuwa nimeoka keki. Kabla sijaikata, akatoa simu, akampigia Britta, akaiweka mezani ili nami nisikie.

"Masomo vipi?" akauliza.

"Si mabaya, baba."

Mimi nilikuwa nimeshafurahi. Lakini Verlyn akaisogelea simu.

"Nakuuliza tena, Britta. Masomo vipi?"

Tukamsikia anavuta pumzi.

"Kemia inanichapa," akasema, na sauti ikamkatika. "Nimepata D kwenye jaribio la kwanza. Sijui wakijua hapa chuoni watasema nini."

"Umemwambia mwalimu?"

"Bado."

"Mwambie kesho asubuhi. Ukishamwambia nipigie. Nitakuwa nimeamka."

"Sawa, baba," akasema. Alikuwa analia, lakini alisema sawa, na hakuulizwa mara ya tatu.

Verlyn akakata simu. Akajifuta pua kwa leso, akaivuta sahani ya keki mwenyewe, kabla sijamkaribisha hata mara moja, akajikatia kipande kikubwa.